Bima ya Mbwa: Historia ya Swali na ya Istilahi Zake

Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mtu anunuapo mtoto wa mbwa huulizwa mapema, pengine hata kabla hajampa jina, kama atamkatia bima. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali hili laweza kuonekana la mzaha. Mbwa wetu wengi hulinda nyumba na mashamba, na wakionana na daktari wa mifugo basi aghalabu ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata hivyo swali lenyewe si la mzaha. Nyuma yake kuna hesabu iliyofanywa katika karne ya 18, kuna historia ya wakulima na farasi wao, na kuna rundo la istilahi ambazo mfasiri wa Kiswahili atazikuta siku moja juu ya meza yake. Wako wasemaji wa lugha yetu waliohamia nchi hizo, wanafuga mbwa, nao huletewa hati za kutia sahihi. Asiyeielewa hati yake aweza kulipa ada kwa miaka kumi, na siku ya shida akaambiwa kwamba maradhi ya mbwa wake hayamo.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi swali la kununua au kutonunua bima ya mbwa lilivyozaliwa na linavyojibiwa, na wakati huohuo kuyapima maneno tuliyonayo ya kulielezea. Mambo haya mawili hayatengani, maana sehemu kubwa ya hasara ya wanunuzi hutokana na jina la kitu walichonunua.

Hatuna budi kuanza na neno bima. Neno hili limetufikia kutoka Bara Hindi, ambako Wahindi husema bima kama sisi, nalo ni la ukoo mmoja na neno la Kiajemi la bima, ambalo wanaisimu hulihusisha na bim, yaani hofu au hatari. Waarabu walichagua njia nyingine: wao huita jambo hilo kwa neno litokanalo na mzizi wa amani na usalama, mzizi uleule uliotupa amana, amini na amani. Waingereza nao wameliita kwa neno la uhakika. Basi jambo ni moja, lakini mmoja amelitazama kutoka upande wa hofu, wa pili kutoka upande wa usalama, wa tatu kutoka upande wa kuwa na yakini. Kwa maoni yetu Kiswahili kilipata bahati njema kulirithi neno la hofu, kwa kuwa bima haimwondolei mtu hatari hata kidogo. Meli iliyokatiwa bima huzama sawasawa na isiyokatiwa. Kinachouzwa ni ahadi ya kugawana hasara.

Swali la kama ahadi hiyo ina thamani ya bei yake lilijibiwa kwa ufasaha mkubwa mwaka 1738, katika makala ya Daniel Bernoulli iliyochapishwa na Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg. Bernoulli alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyempa jina la Caius. Caius amenunua bidhaa mjini Amsterdam ambazo akizifikisha St. Petersburg atauza kwa rubli 10,000. Katika kila meli 100 zinazosafiri njia hiyo, 5 huzama. Wenye kutoa bima wanataka rubli 800. Mwenye kujua hesabu ataona mara moja kwamba hasara ya wastani ni sehemu 5 katika 100 za rubli 10,000, yaani rubli 500 tu. Bei ni kubwa kuliko hasara inayotarajiwa. Je, Caius ni mjinga akilipa?

Bernoulli akajibu kwamba jawabu lategemea mfuko wa Caius. Rubli moja kwa maskini ina uzito kuliko rubli moja kwa tajiri, na hivyo kupoteza rubli 10,000 kwa mtu asiye na kingine ni maangamizi, ambapo kwa tajiri ni uchungu wa siku chache. Akapiga hesabu na kupata kwamba ikiwa Caius, mbali na bidhaa zile, ana mali isiyofika rubli 5,043, inampasa kukata bima ijapokuwa bei ni ghali. Akiwa na zaidi ya hapo, na aibebe hatari mwenyewe. Akaongeza kwamba mwenye kutoa bima hiyo naye asithubutu kuitoa kama hana walau rubli 14,243. Msomaji na aiweke akilini hesabu hii. Kila mjadala unaoendelea leo juu ya bima ya mbwa, hata kama wanaojadiliana hawajapata kumsikia Bernoulli, ni mjadala wa Caius katika vazi jingine.

Ilichukua muda mrefu kwa hesabu ya meli kumfikia mnyama. Kwanza ilibidi bima itenganishwe na kamari. Katika Uingereza ya karne ya 18 watu walikuwa wakikata bima juu ya uhai wa watu wasiowahusu, wakingoja kufaidika wafapo, mpaka Bunge likatunga sheria mwaka 1774 kwamba asiye na maslahi katika uhai wa mtu asiukatie bima. Kanuni hiyo ya maslahi imebaki kuwa nguzo ya bima hata leo. Kwa mnyama ilikuwa rahisi: mwenye ng'ombe ana maslahi katika ng'ombe wake kwa kuwa ni mali yake.

Bima ya mnyama ilianza hivyo, ikiwa bima ya mali. Katika vijiji vya Uingereza karne ya 19 palikuwa na vyama vya ng'ombe na vyama vya nguruwe, ambamo wanakijiji walitoa mchango kidogo kidogo ili mnyama wa mwenzao akifa alipwe. Msomaji wa hapa kwetu atavitambua mara moja vyama hivi, maana ni jamaa wa vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Huko Sweden, mwaka 1890, Claes Virgin aliandika hati ambayo huhesabiwa kuwa chanzo cha bima ya wanyama ya kampuni, naye alishughulika na farasi na mifugo ya shamba. Kilichofidiwa ni kifo. Farasi akifa mkulima hana wa kuvuta jembe; fidia ilimwezesha kununua mwingine. Bei ya farasi sokoni ilijulikana, na fidia haikuzidi bei hiyo. Hapo hakuna utata wowote wa hesabu wala wa lugha.

Mbwa wa kwanza kukatiwa bima huko Sweden alikatiwa mwaka 1924. Uingereza ilifuata mwaka 1947. Marekani ilichelewa: mwaka 1980 daktari wa wanyama aitwaye Jack Stephens, pamoja na madaktari wenzake wapatao 750, walianzisha kampuni huko California, na mwaka 1982 hati ya kwanza ikatolewa kwa mbwa aliyekuwa akicheza nafasi ya Lassie katika televisheni. Ni njia nzuri ya kutangaza biashara, maana Wamarekani wote walimjua Lassie.

Lakini baina ya farasi wa 1890 na Lassie wa 1982 kitu kilichokatiwa bima kilikuwa kimebadilika kabisa, ingawa jina halikubadilika. Trekta na motokaa zilikuwa zimewaondoa farasi mashambani na barabarani, na madaktari wa wanyama, ambao tangu shule yao ya kwanza ilipoanzishwa mjini Lyon mwaka 1761 walikuwa wameishi kwa kutibu farasi na ng'ombe, wakageukia wanyama wa nyumbani. Uingereza chama cha madaktari wa wanyama wadogo kiliundwa mwaka 1957. Picha za eksirei, dawa za usingizi, upasuaji wa mifupa, na baadaye tiba za saratani, zikahamia kwa mbwa. Ikawa sasa mbwa asiye na bei yoyote sokoni, mbwa koko aliyeokotwa barabarani, aweza kuandikiwa gharama za maelfu ya dola. Bima ikaacha kufidia thamani ya mnyama ikaanza kufidia gharama za kumtibu.

Yafaa tukae kidogo juu ya mabadiliko haya kwa sababu yanavunja hesabu ya Caius mahali pamoja. Bidhaa za Caius zilikuwa na kikomo cha hasara: rubli 10,000, basi. Gharama za mbwa mgonjwa hazina kikomo kilichowekwa na soko. Kikomo huwekwa na mwenye mbwa anaposema sasa basi. Na kusema sasa basi, mara nyingi, maana yake ni kumwambia daktari amchome mbwa sindano ya mwisho. Madaktari wa wanyama wanalijua sana jambo hili, na wengi wao husema ndilo linalowachosha kuliko yote katika kazi yao: kumwua mnyama mwenye ugonjwa unaotibika kwa kuwa fedha hazipo. Twaweza kukiita kifo cha ukata. Bila kukitaja, bima ya mbwa haieleweki kwa nini ipo, maana kwa sheria za nchi hizo mtu hashurutishwi kulipia upasuaji wa maelfu ya dola. Anachokinunua mwenye bima ni kutoujua uamuzi ule.

Yako pia majibu mengine kwa kifo cha ukata. Mwaka 1917 Maria Dickin alifungua mjini London, katika mtaa wa maskini wa Whitechapel, zahanati ya kutibu bure wanyama wa watu wasio na uwezo, na shirika lililotokana na zahanati ile lipo hata leo. Hilo ni jibu la sadaka. Bima ni jibu la mchango.

Huko Sweden mchango huo umekuwa desturi ya taifa, na sehemu kubwa mno ya mbwa wote wamekatiwa bima. Marekani hata mbwa mmoja kati ya kumi hajafikiwa. Tofauti hii haitokani na upendo wa mbwa, maana Wamarekani hawashindwi na yeyote katika hilo. Kwa maoni yetu yatokana na mahali bima ilipozaliwa. Msweden aliipokea kutoka kwa shirika lilelile lililomkatia babu yake bima ya farasi, shirika la wakulima wenyewe. Mmarekani aliiona kama bidhaa mpya katika televisheni. Matokeo mengine ya hali ya Sweden ni ya kielimu. Kwa kuwa karibu kila ugonjwa wa mbwa unadaiwa fidia, kumbukumbu za kampuni ya Agria zimewapa watafiti wa chuo kikuu cha kilimo cha Uppsala, tangu miaka ya 1990, hazina ya habari juu ya maradhi na vifo vya mbwa kwa kila mbegu.

Na mbegu, yaani ukoo wa mbwa, ndiyo jambo la kwanza mnunuzi apaswalo kulitazama. Mbwa wenye pua fupi hupata taabu ya kupumua. Wale wenye mgongo mrefu na miguu mifupi huumwa uti wa mgongo. Mbegu ndogo iitwayo Cavalier King Charles ina sifa mbaya ya maradhi ya vali ya moyo. Mbwa wakubwa sana hupatwa na tumbo kujaa hewa na kujisokota, ambapo mbwa asipopasuliwa kwa saa chache hufa. Mtoa bima anayajua yote haya kwa takwimu, na ada aitozayo hutegemea mbegu, umri na mji. Mbwa chotara mwenye afya, wa miaka miwili, hutozwa kidogo; mzee wa miaka kumi hutozwa sana au hukataliwa.

Turudi sasa kwenye lugha, maana hapa ndipo mfasiri anapoweza kumnufaisha mtu au kumwangamiza.

Nchini Tanzania neno bima lilienea serikalini na mitaani kwa kupitia Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na kuwa chombo pekee cha bima baada ya kutaifishwa kwa kampuni mwaka 1967, hadi sheria ya 1996 iliporuhusu kampuni binafsi. Hiyo ilikuwa bima ya motokaa, nyumba, bidhaa na maisha. Baadaye sheria ya 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kutoa huduma mwaka 2001, na mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tangu hapo "bima ya afya" kwa mwananchi wa kawaida ni kadi. Huionyesha dirishani, huandikwa jina lake, hutibiwa, huenda zake. Ni haki inayoambatana na mtu, na nyuma yake ipo dola.

Sasa mfasiri aliyepewa hati ya mbwa akiandika "bima ya afya ya mbwa", amemletea msomaji picha ya kadi ile. Msomaji ataamini kwamba mbwa wake atapokewa dirishani. Mambo sivyo yalivyo. Aghalabu, hasa Marekani, mwenye mbwa hulipa gharama zote yeye kwanza, kisha hupeleka dai, kisha hungoja kurejeshewa sehemu. Asiyekuwa na fedha za kutanguliza siku ya upasuaji hajasaidiwa na bima siku hiyo. Tena si haki ya mbwa. Sheria ya mfano iliyopitishwa mwaka 2022 na umoja wa wasimamizi wa bima wa majimbo ya Marekani inasema waziwazi, katika fasili zake, kwamba bima ya wanyama wa nyumbani ni bima ya mali. Farasi wa Claes Virgin yungali hai ndani ya sheria ile.

Kwa hiyo twapendekeza isemwe "bima ya gharama za matibabu ya mbwa", au kwa kifupi "bima ya matibabu ya mbwa". Ni ndefu kidogo, lakini inataja kinachofidiwa, nacho ni gharama.

Sheria hiyo ya 2022 ni somo zuri kwa wanaistilahi, kwa sababu sehemu yake kubwa ni fasili. Watunzi wake walitambua kwamba malalamiko ya wanunuzi yalitokana na maneno, wakaamua kuyafunga maneno yenyewe. Tutazame machache.

La kwanza na la hatari kuliko yote ni maradhi yaliyokuwapo kabla ya bima. Haya hayafidiwi. Tumeona mara nyingi katika tafsiri za hati za bima maneno "maradhi yaliyojulikana kabla". Tofauti yaonekana ndogo lakini ndimo fedha zote zilimo. Katika fasili ya sheria ile, maradhi huhesabiwa kuwa yalikuwapo kabla ikiwa daktari aliwahi kutoa ushauri juu yake, au mnyama aliwahi kutibiwa, au alikuwa na dalili zihusianazo nayo kwa mujibu wa habari zinazoweza kuthibitishwa, hata kama dalili hizo zilitokea baada ya mkataba lakini ndani ya kipindi cha kungojea. Mbwa aliyechechemea wiki moja mwezi Machi, akakatiwa bima Aprili, akagunduliwa Juni kuwa na goti bovu, alikuwa na maradhi hayo kabla, ijapokuwa hapana aliyeyajua. Anayesoma "yaliyojulikana" ataapa kwamba hakujua, na atakuwa anasema kweli, na hatalipwa. Jambo la kutia moyo ni kwamba sheria ile imemtwika mtoa bima mzigo wa kuthibitisha.

La pili ni jozi ya maradhi ya kurithi na maradhi ya kuzaliwa nayo. Katika mazungumzo ya kawaida Kiswahili huyachanganya, na hata walimu wa biolojia huyachanganya. Mbwa mwenye nyonga zisizokaa sawa katika mfupa wake, ugonjwa unaowasumbua mbwa wa polisi wa Kijerumani, ameurithi ugonjwa huo, lakini siku ya kuzaliwa nyonga zake zilikuwa nzima. Uharibifu huja akikua. Kinyume chake mtoto wa mbwa aweza kuzaliwa na kasoro iliyotokana na jambo lililompata tumboni mwa mamaye, bila ya urithi wowote. Hati ikifidia la kuzaliwa nalo na kuliacha la kurithi, mwenye mbwa wa Kijerumani hana kitu. Maneno yetu mawili yanatosha kabisa, mradi mfasiri asitumie moja mahali pa jingine kwa kutaka kupamba lugha.

Maradhi sugu hayana shida kwa jina, ila kwa muda. Uingereza huuzwa bima za namna nne: ya ajali peke yake; ya miezi 12 kwa kila ugonjwa; ya kikomo cha fedha kwa kila ugonjwa; na ile ya maisha, ambayo kikomo chake hujazwa upya kila mwaka. Mbwa mwenye kisukari huchomwa insulini kila siku mpaka afe. Kwa bima ya miezi 12, mwezi wa 13 kisukari hicho kimekuwa maradhi yaliyokuwapo kabla, na hakuna kampuni nyingine itakayokipokea. Bima ya bei nafuu, kwa ugonjwa sugu, ni bima ya mwaka mmoja. Na hata ile ya maisha hutegemea kuhuishwa kila mwaka. Katikati ya mwaka 2024 kampuni ya Nationwide ya Marekani, iliyorithi ile iliyoanzishwa na Dakta Stephens, ilitangaza kuacha kuendelea na mikataba ya wanyama wapatao 100,000. Waliokuwa na mbwa wazee walibaki bila pa kwenda.

Kipindi cha kungojea, ambacho sheria ya 2022 imekiwekea kikomo cha siku 30 kwa magonjwa na kukikataza kwa ajali, hakihitaji maelezo. Lakini tuseme neno juu ya ule uitwao mpango wa afya njema, ambao huuzwa pamoja na bima na hulipia chanjo, dawa za minyoo na uchunguzi wa kila mwaka. Hii siyo bima, na sheria imepiga marufuku kuitangaza kwa jina hilo. Sababu ni ya Bernoulli. Chanjo si jambo la bahati. Kila mbwa anapaswa kuchanjwa, na gharama yake yajulikana. Kulipia jambo la hakika kwa njia ya ada ni kulipa kwa awamu na kuongeza faida ya mwuzaji juu yake.

Afrika Mashariki imekwisha kupata mfano wake wa kuigeuza bima ya mnyama. Mwezi Januari 2010 ilianzishwa huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bima ya mifugo inayofuata kielezo cha malisho: setilaiti hupima ukijani wa nyasi, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa mfugaji hulipwa, bila mtu yeyote kumtazama ng'ombe wake. Wafugaji walilipwa kwa mara ya kwanza Oktoba 2011, baada ya ukame mkali. Hapo hakuna mabishano juu ya maradhi yaliyokuwapo kabla, wala dalili, wala urithi, kwa kuwa anayepimwa ni nyasi. Njia hiyo haiwezi kumfaa mbwa, lakini inaonyesha kwamba ugomvi wa maneno hutokana na kitu kilichochaguliwa kupimwa.

Basi je, inafaa kununua? Tuseme ada ni dola 600 kwa mwaka, na mbwa ataishi miaka 12. Hata ada isipopanda, nayo hupanda, jumla ni dola 7,200. Sehemu ya fedha hizo lazima ibaki kwa kampuni kulipia mishahara, mawakala na faida. Kwa hiyo mnunuzi wa wastani atarudishiwa pungufu ya alichotoa, kama Caius alivyolipa 800 kwa hasara ya 500. Anayenunua ili apate faida amepotea njia tangu mwanzo. Swali lake liwe hili: nikiambiwa leo usiku kwamba upasuaji ni dola 8,000, naweza kuzilipa bila kuuza kitu nisichoweza kuishi bila hicho? Akiweza, na ajiwekee akiba benki, dola 50 kila mwezi, na ikibaki ni yake. Asipoweza, na ikiwa anajijua kwamba hataweza kumwambia daktari sasa basi, bima yamfaa, nayo iwe ya maisha, ikatwe mbwa akiwa mchanga kabla hajaandikiwa dalili yoyote. Asipoweza lakini yuko radhi kusema sasa basi, hana haja ya bima; wala tusimlaumu, maana ndivyo binadamu walivyoishi na mbwa kwa maelfu ya miaka. Akiba ina udhaifu mmoja tu, kwamba mbwa aweza kugongwa na gari mwezi wa tatu, akiba ikiwa dola 150.

Wanaosema jawabu la bima limeharibiwa na bima yenyewe, kwamba madaktari hupandisha bei wakijua kampuni italipa, wana hoja ya kusikilizwa. Kampuni za Uingereza zililipa zaidi ya pauni bilioni 1 kwa madai ya wanyama wa nyumbani mwaka 2023, na Mei 2024 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilifungua uchunguzi rasmi wa soko la tiba za wanyama. Lakini bei hupanda kwa mwenye bima na asiye nayo sawasawa, kwa hiyo hoja hiyo, ijapokuwa ni nzito kwa serikali, haimsaidii mtu mmoja mmoja katika uamuzi wake.

Limebaki neno moja ambalo tungependa wafasiri na walimu walijadili, nalo ni la kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kabla mtoa bima hajalipa. Waingereza hukiita kwa neno la ziada, Wamarekani kwa neno la kitu cha kupunguzwa, Wafaransa kwa neno la asili ya uhuru, na Waswideni husema "självrisk", yaani hatari ya nafsi. La Waswideni ndilo la kweli kuliko yote. Kiswahili baadhi ya waandishi hutumia makato, lakini makato kwa mfanyakazi ni yale ya mshahara, nayo hukatwa na mwingine. Twapendekeza "fungu la mwenye bima", na kwa kuwa mara nyingi ni la namna mbili, "fungu la kiasi" kwa fedha zilizotajwa na "fungu la asilimia" kwa sehemu ya mia.

Mfasiri akishapata maneno hayo bado atazame utaratibu wake katika sentensi. Tuseme gharama ni dola 5,000, fungu la kiasi ni 500, na fungu la asilimia ni 20. Fungu la kiasi likitolewa kwanza, hubaki 4,500, na asilimia 20 yake ni 900. Mwenye mbwa atabeba dola 1,400. Asilimia ikitolewa kwanza, hubeba 1,000, kisha 500 juu yake; jumla 1,500. Tofauti ni dola 100, nayo katika hati imekaa juu ya neno moja tu, "kisha", na juu ya upande lilipowekwa.